Miungu ya Theluji Dukani kwa Haji Nassor

Walioniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi walitaraji kurasa mbili za shukrani na dua. Hawanijui. Mimi, Zuwena, nimesoma kila kitabu cha hadithi kilichoingia duka la Haji Nassor hapa Al Khuwair, kuanzia mwanzo wa miaka ya tisini mpaka siku niliyokabidhi kisu changu cha kukatia maboksi. Sisemi nimeviuza, kwa maana kuuza anaweza yeyote. Nimevisoma, kimoja kimoja, mpaka maneno ya jalada la nyuma. Kama kuna mwengine Maskati nzima awezaye kusema hivyo, na ajitokeze. Nitamkaribisha kahawa, halafu nitamuuliza maswali.

Habari za vyeo na mishahara siandiki. Vyeo nilipata, na aliyenipa alijua kwa nini. Naandika kwa ajili yenu mliobaki dukani, mnaodhani kitabu kinajulikana kwa jalada lake na kwa kile kompyuta inachosema juu yake.

Nilirudi Oman nikiwa msichana wa diploma. Nasema nilirudi, ingawa nilikuwa sijapata kuiona. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, Oman ilikuwa ya babu yangu, na babu aliizungumza kila jioni mpaka nikaijua kama chumba cha pili cha nyumba yetu. Nilishuka na sanduku moja na diploma ya ukutubi niliyoisomea bara, nimeifunga kwenye plastiki kwa hofu ya jasho. Jamaa zangu walioniwahi huku waliitazama wakacheka. Wakanambia hapa watu wanaajiri madereva, makarani na walinzi, vitabu vinajipanga vyenyewe. Hakuna ami wala mjomba aliyenifungulia mlango. Kiarabu changu kilikuwa cha Kurani na cha kuamkiana tu, na kila nilipofungua kinywa watu waliniuliza nimetoka Zinjibar lini. Mwaka haukwisha nikawa nagombana na madereva wa teksi kwa Kiarabu chao wenyewe, na nikawashinda.

Haji Nassor alikuwa mtu wa Pemba aliyetangulia kurudi. Aliwahi kuuza baiskeli na viungo, kisha akafungua duka la vitabu kwa sababu moja tu: alivipenda. Kiingereza hakujua hata neno. Alikuwa kama mtu anayefuga farasi asioweza kuwapanda. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinipa kitabu chembamba cha Kiingereza, akanambia nikisome nirudi Jumamosi. Niliporudi alinimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, akasema, "Haya, nisimulie."

Nikaanza kwa fahari ya darasani: mwandishi anachunguza dhamira ya upweke, mwandishi anaibua suala la ukoo.

Haji akakiweka kikombe chini. "Mwanangu, mie sikukuuliza mwandishi kachunguza nini. Nnakuuliza nani kafanya nini, na mwenzake kakasirika kwa nini."

Diploma yangu ilikuwa na somo la kuainisha vitabu na somo la kuvihifadhi na mchwa. Somo la nani kakasirika halikuwemo. Nikaanza upya, safari hii kama ninavyomsimulia mama jikoni, na kahawa haijapoa nikawa nimeajiriwa.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, na sijasikia duka jengine lililoifanya. Kila hadithi iliyoingia niliisoma kwanza, kisha baada ya sala ya alasiri nikaingia chumba cha nyuma nikamsimulia Haji kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, naye na tasbihi yake mkononi. Yeye ndiye aliyejibu kwa watu juu ya kila kilichokaa rafuni, kwa hiyo alitaka kujua ameweka nini. Sharti lake lilikuwa moja. "Usiniongezee, usinipunguzie. Ukiniongezea, ntauza hadithi yako badala ya yake. Ukinipunguzia, ntaaibika." Mara nyingi nilitamani kumpunguzia, maana vitabu vyengine vina sura nzima za watu wanaotazama mvua. Sikuthubutu. Nilimsimulia na mvua.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kisu cha maboksi, ambacho nilikinoa mwenyewe. Muhuri wa duka. Na ile kalamu nyeusi ya wino mzito ya kufunikia mabega ya wanawake kwenye majarida ya Ulaya. Bingwa wa kalamu hiyo alikuwa Mueni, keshia wetu, Mkenya wa Machakos. Alikuwa hafuniki tu, alishona. Aliwavalisha mikono mirefu yenye marinda, na mmoja alimwekea vifungo. Haji alipomwuliza vifungo vya nini, akasema, "Haji, huyu mama ni wa heshima, hawezi vaa kitu haina vifungo."

Wateja wetu walikuwa makarani wa wizara, waliokuja ofisi zikifungwa, na askari. Askari ndio wasomaji wakubwa, na hili wengi hawalijui. Askari ana saa nyingi za kungoja. Anataka kitabu kinene, chenye bunduki, na kisimdanganye. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Niliwajua haraka: akikifungua katikati akasoma ukurasa mmoja akatabasamu kwa dharau, basi mwandishi katia risasi nyingi mno kwenye bunduki.

Katikati ya miaka ya tisini likaingia sanduku moja la vitabu. Sikuwepo, nilikuwa Sohari kwenye msiba. Haji akalifungua peke yake, akaona jalada: helikopta, askari wenye kofia za chuma, mmoja ameshika kile chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa, na nyuma yao mzee wa jicho moja mwenye ndevu. Akaamua mzee ni mwalimu wao. Wakati huo kambi moja ya jeshi ilikuwa imetuagiza vitabu vya ufundi kwa chumba chao cha kusomea. Haji akaona Mungu kamjibu. Akafunga karibu sanduku zima, akapeleka.

Nilirudi nikakuta nakala chache zimebaki. Nikasoma kama kawaida yangu. Jioni ya kumsimulia, nikaingia chumba cha nyuma nikafunga mlango.

"Haji, yule mzee wa jalada si mwalimu."

"Nani?"

"Ni Odini. Mkubwa wa miungu ya watu wa kale wa kaskazini, kwenye theluji."

Tasbihi ikasimama. "Miungu? Mie nimepeleka miungu kambini?"

"Na helikopta, Haji."

"Astaghfirullah. Kaa. Nisimulie. Usinifiche kitu."

Nikamsimulia. Kikosi cha askari wa siku hizi, mafundi wa kutegua mabomu, helikopta yao inaingia ndani ya dhoruba ya theluji na kutokea kwenye ukumbi wa Odini. Hawajafa, wameitwa. Majitu ya barafu yamejifunza kufukia mabomu ardhini, na miungu imeshindwa. Thori, mungu wao wa radi, ana nyundo yake inayopasua milima, lakini nyundo na bomu la ardhini havipatani: kila akipiga, wanaruka wenzake. Basi sajini wa kile kikosi, mtu mfupi mwenye maumivu ya mgongo, anamlaza Thori kifudifudi kwenye theluji na kumfundisha kutambaa na kijiti, akichokoa ardhi kidogo kidogo. Thori analia kwa kukosa subira. Sajini anamtukana.

Haji alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akakumbuka kuwa ana hofu. "Na watu wakiabudu humo?"

"Nani atamwabudu anayelazwa kifudifudi na sajini? Humo wanazeeka, wanalewa, wanauliwa. Mwenye kufa si Mungu, Haji. Hao ni maafande tu, wana vyeo vikubwa."

"Lakini mwandishi mwenyewe anawaita miungu?"

"Anawaita."

"Basi na weye waite hivyo hivyo." Akafikiri. "Kitabu kinachoonyesha miungu inakufa hakimdhuru muumini. Lakini kambini wataniuliza vitabu vya ufundi viko wapi."

Tukangoja kuulizwa. Simu ikaja, Haji akaipokea amesimama. Tukamwona anasikiliza, anakunja uso, kisha anafunika simu kwa kiganja. "Wanauliza kama tuna cha pili," akanong'ona. "Cha pili cha nini, Zuwena?"

Hivyo ndivyo mimi nilivyokuwa mtu wa kwanza Maskati kumweka Odini rafu moja na bunduki. Baadaye zilikuja hadithi nyingi za jinsi hiyo, miungu ya kila nchi na vifaru vya kila jeshi, na nyingi zilikuwa takataka. Nawapeni kipimo changu bure. Tazameni kama askari wa hadithi wanasikia njaa na kama miguu inawauma. Tazameni kama mungu akija vitani anahitaji kufundishwa kitu. Hadithi ambayo mungu anajua kila kitu na askari hachoki, irudisheni kwenye boksi.

Sajini Khalfan alikuja dukani na nakala yake ya kitabu hicho kwapani. Alikuwa mtu wetu, wazee wake wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaa wa Malindi hasa. Aliamkia kwa mdomo bila kutoa mkono. Kisha nikaona mkono wa kulia wa kanzu yake umekunjwa na kupigwa pini. Alikuwa fundi wa kutegua mabomu. Kwenye milima ya kusini yalibaki mabomu ya vita vya zamani, na moja lilimchukulia kiganja. Kitabu alikisomea kitandani hospitali, mwenzake alimletea kutoka kambini.

Akakiweka juu ya meza kwa mkono wa kushoto. "Nani kaandika hichi?"

"Mzungu."

"Kakanyaga bomu huyu?"

"Sijui, Sajini."

"Hajakanyaga. Lakini kamuuliza alokanyaga." Akafungua pahala alipokunja ukurasa. "Huyu Tiri. Nambie habari zake. Hapa wamemgusa juu juu."

Tiri ni mungu wao wa vita na wa viapo. Nikamweleza kisa chake cha kale, kwa maana mimi nikikutana na jina nisilolijua silali mpaka nilijue. Miungu walitaka kumfunga mbwa mwitu mkubwa aliyewatisha. Mbwa mwitu akakubali kufungwa kama mchezo, kwa sharti kuwa mmoja wao atie mkono kinywani mwake, iwe dhamana kwamba hawamdanganyi. Walikuwa wanamdanganya. Wote wakatazama chini. Tiri peke yake akatia mkono wa kulia, akijua hautarudi.

Mueni alikuwa anasikiliza kutoka kwenye meza yake ya pesa. "Aki Madam, mungu mzima anakosa mkono? Si ajitengenezee ingine?" Kisha akaiona ile kanzu, akajifunika mdomo.

Khalfan akageuka, akacheka kidogo. "Ndo maana nnampenda, mwanangu. Kashindwa kujitengenezea."

Akawa mteja wetu wa kila wiki. Siku ya Jumatano, wizara zikifunga kwa mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa kama ilivyokuwa zamani, Haji alikuwa na desturi ya sinia ya wali chumba cha nyuma kwa yeyote aliyekuwepo. Khalfan hakula nasi hata mara moja. "Nimeshakula," alisema, kila Jumatano, mtu aliyetoka kazini moja kwa moja. Jeshi lilikuwa limempa kazi ya ghala. Harusini alikwenda kutoa pongezi kwa maneno, akaondoka kabla ya sinia. Kwenye misiba hali kadhalika. Sisi tunakula kwa mkono wa kulia, pamoja, kutoka chombo kimoja, na yeye hakutaka watu wamwone akitumbukiza wa kushoto.

Siku moja nilimwambia kwamba aliyepotelewa na mkono dini haimlaumu.

"Najua, Bi Zuwena. Dini imenisamehe. Watu ndo bado."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna alonambia. Wananisogezea kijiko. Sinia nzima wanakula kwa mkono, mie nnasogezewa kijiko kama mtoto."



Kitabu cha pili kilipokuja, nilimwuzia nakala ya kwanza kutoka kwenye boksi. Alikisoma haraka, akarudi amekasirika kwa furaha. Vita na majitu vinakaribia kwisha. Limebaki shamba moja la mabomu, baya kuliko yote. Kikosi kinakataa kuliingia mpaka miungu iape kuwarudisha makwao. Kiapo chao huapwa kiganja kwa kiganja, cha kulia, na msimamizi wa viapo ni Tiri. Mlango wa ukumbi unafunguliwa, Tiri anaingia, kitabu kinakwisha.

"Kaacha hapo?" Khalfan aliuliza, kama kwamba mimi ndiye niliyeandika.

"Kaacha hapo."

"Mwandishi mwizi huyu." Lakini alikaa pale mpaka Haji akafunga duka, wakibishana. Haji alisema ataapa kwa kushoto. Khalfan alisema kiapo cha kushoto hakuna jeshi litakalokikubali. Mueni alisema wote wawili wamwulize mke wa Tiri.

Cha tatu kilikawia. Miaka ikageuka, namba za simu zikaongezwa tarakimu, mimi nikafundishwa kompyuta na kijana ambaye baada ya muda mfupi nikawa namfundisha mimi. Khalfan aliingia, akatazama rafu ya vitabu vipya, akatoka. Hatukuhitaji kuulizana.

Kisha siku moja akaja binti yake, Rahma. Nilikuwa nimemjua tangu akinunua kalamu za rangi. Sasa alikuwa muuguzi, na posa yake ilikuwa imekubaliwa. Mchumba wake aliitwa Said, kijana wa Ansab, fundi wa umeme. Nikampa pongezi. Hakutabasamu.

"Bi Zuwena, baba hataki kuniozesha."

"Hamtaki Said?"

"Anampenda kuliko mimi ninavyompenda. Lakini kamwita ami yangu kutoka Sur awe wakili. Anasema wali, yule anayemwoza binti, anampa bwana harusi mkono wa kulia, na yeye hana. Shekhe kamwambia mkono si sharti, ni desturi tu, maneno ndiyo yanayooza. Kamjibu shekhe, 'Naam, shekhe,' halafu kampigia simu ami tena." Machozi yakamjaa. "Sitaki kuozwa na ami yangu na baba yu hai, yumo chumba hicho hicho. Mtu ataniuliza baba yako wapi, niseme kakaa pembeni?"

"Mwambie yeye."

"Nimemwambia. Hasikii. Anachosikia ni kile kitabu chenu." Akakitazama kisu changu juu ya meza, na boksi nililokuwa nimelifungua asubuhi ile. "Cha tatu kimekuja?"

Kilikuwa kimekuja. Nilikuwa nimekianza.

Akanishika mkono. "Yule wa mkono mmoja, ikiwa kaapa mwenyewe, msimulie baba. Na ikiwa hakuapa, Bi Zuwena, mwambie kaapa."

Nilimwambia nitakisoma. Sikumwahidi kitu. Nilikimaliza kwa siku mbili, na nilipofunga jalada niliomba kwa Mungu nisiwe nimeelewa vizuri. Lakini mimi huelewa vizuri. Siku ya kuapa, kiti cha Tiri kimewekwa mbele, Odini amesimama pembeni yake. Tiri anautazama mkono uliokatika, anasema mwenye viganja viwili ndiye aape, anamsogeza Thori mbele. Thori na yule sajini wanapeana mikono, ukumbi mzima unapiga kelele za shangwe, na Tiri anatoka nje kusimama kwenye theluji peke yake. Mwandishi aliona jambo hilo ni zuri sana. Aliliandikia kurasa nne.

Nikamsimulia Haji. Alisikiliza mpaka mwisho asizungushe hata punje moja ya tasbihi. Nikamweleza na ombi la Rahma. "Haji, nna ulimi wa kumwapisha Tiri na watu wakalia. Nikitaka, naweza."

"Najua unaweza," akasema. "Ndo maana nilikwajiri. Ukimwambia kaapa, Khalfan atanunua kitabu, atakisoma, atajua kwamba hata weye unamsogezea kijiko."

Basi Khalfan alipokuja Jumatano ile, nilimwita chumba cha nyuma mwenyewe. Sinia ilikuwa imekwisha kuliwa. Haji alikuwepo, Mueni alijifanya anafuta vumbi mlangoni. Nikasimulia kama ninavyojua mimi kusimulia, bila kuongeza wala kupunguza: kiti, mkono, Thori, shangwe, theluji.

Khalfan alikuwa amekaa akasimama.

"Na Odini kakaa kimya?"

"Kimya."

"Na yule sajini? Alomlaza Thori kifudifudi, haogopi mtu? Naye kakubali?"

"Kampa Thori mkono."

"Wapumbavu hawa!" Sauti yake ilitoka mpaka kwenye rafu za mbele. "Mkono wa mtu umekwenda kinywani mwa mbwa mwitu kwa ajili ya ahadi yao. Halafu siku ya ahadi yenyewe wanamtoa nje kwenye baridi, ampishe mwenye nyundo! Ahadi gani hiyo? Mwandishi gani huyu?"

Haji akasema taratibu, "Zuwena. Nani kamtoa?"

Ilikuwa namna yake ya kuuliza tangu siku ya kwanza, nani kafanya nini, nami nikamjibu kama nilivyozoea kumjibu. "Hakuna alomtoa, Haji. Kiti chake kilikuwa kimewekwa mbele. Katoka mwenyewe."

Mueni akaacha kufuta vumbi. Khalfan alinitazama, akamtazama Haji, akatazama ile sinia tupu. Akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga na bila kitabu.

Jioni Rahma alinipigia simu. "Umemwambia nini? Kaja hasemi na mtu."

"Nimemwambia kilichomo."

"Na kilichomo ni nini?"

Nilimwambia. Akasema, "Ami yangu keshafika kutoka Sur," akakata.

Nawaambieni nyinyi mnaoanza kazi: hakuna kitu kigumu kama kusema kilichomo kwa mtu unayempenda, na hakuna aliyeipa kazi hii heshima kuliko anayeweza. Mimi niliweza. Lakini siku zile mpaka siku ya akdi, ya kufunga ndoa, sikujisifu kwa mtu.

Akdi ilifanywa nyumbani kwa akina Said, Ansab. Wanaume walikaa sebule kubwa, Haji miongoni mwao. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo nyuma ya pazia tusikie. Rahma alikuwa amekaa katikati yetu kwenye zulia, hina imemkolea mpaka weusi, ubani unafuka. Wengine wote walikuwa wanangoja akdi. Mimi na yeye tulikuwa tunangoja sauti.

Shekhe akasoma hotuba, akamaliza. Akauliza wali wa binti ni nani, ajongee.

Tulimsikia ami yake akikohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha mtu anayejiandaa kunena. Rahma akafumba macho.

"Mimi," ikasema sauti nyengine. "Baba yake. Mie ntaoza mwenyewe."

Tukasikia mtu anasogea, kanzu zinapisha kanzu. Shekhe akamwambia Said, mpe wali mkono. Kisha kimya. Nilikiona kile kimya kana kwamba pazia halipo: kijana amenyoosha kiganja chake cha kulia, na hajui akipeleke wapi. Mmoja wa wanaume alianza kusema jambo, labda kusaidia, na nusu ya wanawake chumbani wakauvuta ushungi mdomoni.

"Shika, mwanangu," Khalfan akasema. "Shika hapo mkono ulipoishia. Kaza. Hauumi."

Hakikupita kitambo akaanza, kwanza kwa Kiarabu kama ipasavyo, kisha kwa Kiswahili ili bibi zake Rahma wasikie: nimekuoza binti yangu Rahma, kwa mahari tuliyokubaliana. Jirani yangu alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kigelegele. Rahma, macho bado kayafumba, akainua kiganja chake chenye hina kumzuia.

"Ngojeni," akasema. "Baba bado anasema."